Kabla Hujafungua Mashine ya Mtu

Muleba, Jumapili alasiri

Kemi mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako na najua hatakuachia mpaka ule. Baba yako yuko kibanjani, kwenye migomba, anachagua mkungu wa kukufungia, ingawa nimemwambia ndizi zipo Dar es Salaam. Kanijibu kwamba zile si ndizi. Basi nyumba imetulia, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu kabla basi la kesho halijakuchukua.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani. Hayo nimeyasema wiki nzima na umenijibu "Ndiyo Mama" kwa ile sauti ya mtu asiyesikiliza. Nataka nikusimulie jambo ambalo unalijua vipande vipande tu. Nimelikumbuka tangu siku uliyotuonyesha barua ya kazi, ukasema kampuni itakutuma kwenye viwanda vya watu kufunga vidhibiti vya kompresa. Baba yako alicheka, akaniangalia. Mimi sikucheka. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Utakuwa unaingia kwenye chumba cha mashine kisicho chako, na kompyuta mkononi na sanduku la vifaa. Mle ndani utamkuta mtu ambaye amekaa na mashine ile miaka mingi, na hatakupenda. Mwanangu, mimi nilikuwa mtu yule.

Wewe ulikuwa bweni, kidato cha kwanza. Mimi nilipanga chumba Rwamishenye, nafanya kazi kiwanda cha samaki pale Bukoba, na nyumbani Muleba nakuja siku za mapumziko. Nilianzia kwenye meza za minofu pamoja na akina Ma Adventina, kisha fundi mmoja mzee akaona napenda kuuliza maswali, akanihamishia kwenye mashine. Alipostaafu tukabaki wawili katika zamu yetu, mimi na Ta Projestus wa Kanazi. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akikuletea senene zilizokaangwa kwenye kopo la maziwa ya unga.

Tulikuwa na kompresa mbili za amonia, kubwa na ndogo. Kazi yake sasa unaijua kunishinda, ila nivumilie niieleze nilivyofundishwa. Samaki anaingia chumba cha baridi na joto lake. Amonia inalichukua lile joto na kugeuka gesi. Kompresa inainyonya ile gesi, inaikandamiza, inaisukuma kwenye mabomba ya nje, na joto la sangara linaishia hewani. Samaki wakiwa wengi gesi inakuwa nyingi, na kompresa inatumia nguvu zake zote bila tatizo. Shida inakuja samaki wakiadimika. Kompresa zetu zilijua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Vile vifaa vya kupumzisha baadhi ya silinda, ili mashine ifanye nusu ya kazi pale inapotakiwa nusu, vilikuwa vimekufa kabla sijaajiriwa.

Basi kompresa ilinyonya ile gesi kidogo kwa pupa, presha ikaanguka, swichi ya usalama ikaizima. Punde gesi ikajaa, ikawaka tena kwa mshtuko, taa za kiwanda zikafifia. Ikazima. Ikawaka. Mota kubwa haivumilii kuamshwa hivyo. Ile ya kompresa ndogo iliungua siku moja mchana kweupe, na harufu ya nyaya iliganda kwenye nywele zangu hata baada ya kuziosha.

Dawa yetu ilikuwa vali moja ukutani, iliyorudisha gesi ya moto upande wa kunyonya. Ukiifungua kidogo, kompresa inadhani vyumba vimejaa samaki, inaendelea kuzunguka, haizimi. Tuliita kuipa uji. "Ma Leo, ipe uji," Ta Projestus angesema, nami naufikisha mkono kwenye vali bila hata kuangalia. Nilijua nusu ya mzunguko inatosha lini, na robo lini. Kwenye kioo cha geji nilikuwa nimechora mstari kwa rangi nyekundu ya kucha, pale presha inapotakiwa kukaa. Watu wa umeme walipokuja kulalamika kwamba kiwanda kinakula umeme uleule samaki wawepo wasiwepo, tuliona hayo ni mambo ya ofisini. Na ofisi ilikuwa na jibu lake: samaki wakiadimika ilifunga laini, ikawarudisha nyumbani akina mama wa minofu mpaka mambo yatakapokuwa mazuri. Kila msimu ilikuwa hivyo. Ma Adventina angepita chumbani kwangu Rwamishenye na kisu chake kimeviringishwa kwenye kitambaa, anasema, "Tumerudishwa."

Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Nataka ulielewe hilo. Nilikuwa nimesimama kwenye ile vali, nachoma umeme kwa ajili ya samaki ambao hawapo, huku rafiki yangu anakosa kazi kwa sababu umeme ni ghali, na sikuona kwamba ni jambo moja.

Kisha akaja Faraji.

Alikuwa kijana kutoka Mwanza, amevaa viatu vipya vya usalama ambavyo vilimchubua, tuliona anavyotembea. Meneja alimleta mlangoni, akasema, "Huyu ni injinia, atatufungia mfumo mpya, mpeni ushirikiano," akaondoka. Faraji akatusalimia vizuri tu, siwezi kumsingizia. Lakini kisha akasogeza chupa yangu ya chai, akaweka kompyuta yake mezani kwangu na kukalia kiti changu. Akaenda kwenye geji, akatoa kitambaa mfukoni, akasugua ule mstari wangu mwekundu mpaka ukatoka. Alidhani ni uchafu.

Ta Projestus aliniangalia, nami nikamwangalia.

Siku ile ile alituambia neno ambalo naomba wewe usiliseme kamwe mahali popote. Alisema, "Msiwe na wasiwasi, hakuna atakayeondolewa kazini." Hakuwa anadanganya. Aliambiwa hivyo na meneja naye akatupitishia. Lakini ajira yetu haikuwa mikononi mwake, na sisi tulijua hivyo, kwa hiyo tangu pale hatukuamini hata mengine yaliyokuwa kweli.

Kazi yenyewe aliifanya kwa bidii. Kwenye kompresa kubwa alifufua vile vifaa vya silinda, ili iweze kufanya kazi yote, au sehemu, kwa hatua. Kwenye ile ndogo akafunga kisanduku cha kudhibiti mwendo wa mota, iweze kuzunguka haraka au polepole kadiri gesi inavyokuja. Kubwa ibebe mzigo usiobadilika, ndogo ijaze pengo. Alitueleza na mchoro kwenye karatasi ya boksi la vifaa. Alitukataza kuishusha ile ndogo chini ya mwendo fulani, kwa sababu mafuta yake hayatapanda. Nilimwelewa. Hilo nalo nakuambia: nilimwelewa mara ya kwanza, na nilijifanya sijaelewa, nikamfanya arudie mpaka akachoka.

Mfumo ukawashwa. Kompresa ndogo ikateremka mwendo, na sauti ikawa chini kuliko nilivyowahi kuisikia. Masikio yangu yalishaharibika kidogo wakati ule, hasa la kushoto, ndiyo maana kanisani huwa unakaa kulia kwangu, lakini mashine niliisikia kwa miguu, kupitia sakafu. Ile sakafu iliponyamaza, mkono wangu ulikwenda kwenye vali wenyewe. Nilidhani inakufa, nikaipa uji.

Kisanduku kikaona gesi imejaa ghafla. Kikaongeza mwendo. Nikaona imepata nguvu, nikafunga. Gesi ikapungua, kikashusha mwendo. Ta Projestus akafungua tena. Siku nzima mashine ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, na Faraji anakimbia kutoka kwenye kompyuta kwenda vyumba vya baridi na kurudi, haelewi. Vali ile ilikuwa nyuma ya nguzo. Hakujua kwamba tunaigusa.

Mara ya kwanza haikuwa ubaya, mwanangu, ilikuwa mazoea. Mara ya pili tuliona inavyomchanganya. Na baada ya hapo tuliendelea tukijua.

Niliporudi Muleba nilimsimulia baba yako nikicheka. Yeye alikuwa anamenya maharage, hakucheka. Alisema, "Ma Kemi, unapigana na kisanduku."

Nikamwambia, "Kisanduku ndicho kitakachochukua mshahara wangu. Kahawa yako ndiyo italipa ada ya Kemi?"

Lilimuuma. Kahawa mwaka ule ilikuwa imenyauka na yeye hakuwa na kosa. Aliinuka akaenda nje. Nilijua nimekosea kabla hajafika mlangoni, na bado sikumfuata. Tuliishi na hilo neno muda mrefu. Ukiwa na hofu unaweza kumpiga mtu aliye karibu, wala si yule unayemwogopa. Sikuambii kama mafundisho. Nakuambia kwa sababu una hasira zangu, na wewe mwenyewe unajua.

Wiki iliyofuata Faraji alikuwa amekonda. Samaki walikuwa wameanza kuadimika na meneja anamuuliza kila asubuhi mbona mashine inahangaika kuliko zamani. Siku moja mchana Ta Projestus alikwenda kula, nikabaki chumbani peke yangu. Faraji akaja akaketi juu ya pipa la mafuta. Alikuwa na ndizi ya kuchoma mkononi, haili.

"Mama," akasema, "kesho naondoka."

"Kazi imekwisha?"

"Nimeshindwa. Nitawaambia wafungue kisanduku, warudishe kama zamani. Sijui nimekosea wapi. Nimehesabu upya kila kitu." Akaiangalia ile ndizi. "Hii ndiyo kazi ya kwanza niliyotumwa peke yangu. Sijui nikawaambie nini."

Nilikuwa nimeshinda, Kemi. Kile nilichokitaka tangu asubuhi aliyosugua geji yangu kilikuwa kimekuja chenyewe, kimekaa juu ya pipa. Nilingoja nifurahi. Badala yake niliona visigino vyake, alikuwa ameviringisha karatasi ya chooni ndani ya viatu ili visimchubue. Nikawaza kuna mama Mwanza amempigia simu jana akimuuliza kazi inaendeleaje, naye amejibu inaendelea vizuri.

Nikamwambia, "Ngoja. Njoo huku."

Nikampeleka nyuma ya nguzo, nikaweka mkono kwenye vali. "Hii tunaifungua sisi," nikasema. "Tukiifungua, mashine yako inapanda. Tukifunga, inashuka."

Aliitazama vali, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulibadilika, nikadhani atanipiga. Akatoka nje. Kupitia dirisha nilimwona anakwenda mpaka kwenye ukingo wa ziwa, akasimama pale amenipa mgongo. Nilifikiri anampigia simu meneja. Nilianza kukusanya vitu vyangu, chupa ya chai, kanga, redio ndogo, kwa sababu niliona leo ndiyo leo.

Aliporudi hakuwa na simu mkononi. Aliniuliza kitu kimoja: "Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kiti. Geji. Yale maneno ya kuondolewa kazini. Lakini nilipofungua mdomo nilisema, "Naogopa."

Akakaa tena kwenye pipa. "Mimi ndiyo naogopa tangu nimefika," akasema. "Nyie mnaijua hii mashine, mimi naijua kwenye karatasi. Nilidhani nikiuliza mtaniona sijui kazi."

"Tungekuona hujui," nikamwambia, kwa sababu ni kweli.

Akacheka kidogo, nami nikacheka. Nikamwambia ale ile ndizi.

Kisha akauliza, na alipoanza kuuliza hakuacha. Boti za visiwani zinafika saa ngapi? Masanduku yanaingia kwa mkupuo au kidogokidogo? Milango ya vyumba inakaa wazi muda gani? Nilimweleza siku ya kiwanda kuanzia kwenye mageti: samaki wanakuja kwa mawimbi, mara kimya, mara masanduku yamejazana mlangoni, wakisafisha sakafu kwa maji ya moto chumba cha kwanza kinapanda joto hata kama hakuna samaki, siku ya upepo boti zinachelewa na zote zinafika pamoja. Aliandika. Akaona kwamba hata sisi tusingeigusa vali, kisanduku alikuwa amekipangia haraka mno, kinashtuka kwa kila mlango unaofunguliwa. Akakipunguza kasi ya kujibu. Akapanua nafasi kati ya presha ya kuongeza na ya kupunguza. Akapanga kompresa kubwa isibadilishe hatua mpaka ndogo iwe imefika mwisho wa uwezo wake. Ile vali hakuifunga kwa kufuli, ingawa angeweza. Aliniambia, "Mama, hii ni yako, ibaki kwa dharura. Ila ukiigusa niambie."

Kesho yake masanduku yalipojazana mlangoni, sote watatu tulisimama tumeangalia geji. Sindano ilipanda taratibu. Kompresa ndogo ikaongeza mwendo, ikaongeza, kisha kubwa ikashika silinda nyingine, ndogo ikashuka kidogo kuipisha. Sindano ikarudi pale pale nilipokuwa nimechora mstari. Hakuna taa iliyofifia. Mkono wangu ulikuwa umeshika upindo wa kanga, nilijizuia.

Faraji alipoondoka, mimi nilibaki nimejifunza kisanduku chote, mpaka kukipanga upya umeme ukikatika. Nilimwomba anifundishe naye akanifundisha bila haraka. Ta Projestus hakutaka. Nilimwambia, "Ta Projestus, kaa hapa uone, si kigumu." Akasema yeye ameshaona ya kutosha. Alikasirika zaidi nami kuliko na Faraji. Kwake mimi ndiye niliyemsaliti, na sikuweza kumlaumu.

Sasa nikuambie lililotokea kwa uzuri, kisha lile jingine.

Samaki walipoadimika kweli msimu ule, mashine ilikuwa inaweza kuteremka mpaka kiasi kidogo na kukaa hapo siku nzima bila kuzima. Laini moja ya minofu ikaendelea. Si zote, moja, kwa zamu. Ma Adventina alikuja Rwamishenye jioni na kisu chake, nikaandaa uso wa kumpa pole. Akasema, "Ma Leo, hatujarudishwa." Alikaa nami mpaka giza likaingia, tukapika, anaongea tu mambo ya watoto wake, hajui mimi nina nini cha kushangilia, nami sikumwambia habari za presha na silinda. Nilimwangalia anavyokula. Kati ya kazi zote nilizofanya katika maisha yangu, mwanangu, ile ndiyo ninayojivunia, na sehemu yangu ndani yake ilikuwa kuacha kuizuia.

Lile jingine ni hili. Baadaye kiwanda kiliona zamu moja inaweza kuendeshwa na mtu mmoja. Meneja aliniita akaniambia nitabaki mimi, kwa sababu najua mfumo. Ta Projestus watampa kazi ya barafu, ya kubeba. Aliniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Ningeweza kusema tugawane zamu, ningeweza kusema nitamfundisha mimi, mnipe muda. Nilifikiria ada yako nikasema, "Hapana, bosi." Ta Projestus aliikataa kazi ya barafu, akaenda kwao Kanazi. Faraji aliposikia alimpigia simu kumwomba radhi. Hakupokea. Akanipigia mimi, analia kabisa, mtu mzima. "Mama, niliwaambia hakuna atakayeondolewa."

Kwa hiyo, waitu, mwanangu, utakapokuwa huko na mtu akakuuliza, "Dada, hiki kitu kitatuondoa?" mwambie usichokijua hukijui. Atakuchukia siku hiyo. Ni afadhali.

Na ukikuta mashine inafanya mambo yasiyo na maana, kabla hujahesabu upya, tafuta mkono wa mtu. Usimtafute kumkamata. Huenda yuko nyuma ya nguzo, anafanya kile alichofanya miaka yote kuokoa mashine hiyo hiyo.

Na ukishindwa, sema umeshindwa mbele ya mtu. Mimi sikumsaidia Faraji kwa sababu alikuwa hodari. Alikuwa hodari tangu siku ya kwanza na haikunigusa.

Na baba yako, kama unajiuliza, nilimwomba msamaha kwa lile neno la kahawa siku uliyofaulu kidato cha nne. Akasema ameshasahau. Hajasahau, lakini alicheka, na tangu hapo tunaongea vizuri kuliko tulivyoongea tulipooana.

Imebaki Kanazi. Kwa muda mrefu nilipita na gari pale njiani nikigeuza uso upande wa pili. Wiki iliyopita, baada ya kuona barua yako ya kazi, nilishuka. Ta Projestus sasa analima vanila. Ameipandisha kwenye miti midogo nyuma ya migomba, na anaichavusha mwenyewe ua kwa ua kwa kijiti. Mikono ile iliyokuwa ikikaza boliti. Alinitazama nikija mpaka nikafika. Hakuinuka. Nikapiga magoti, nikamsalimia kwa Kihaya kama inavyotakiwa, naye akaitikia kwa mkato. Tulikaa. Kuku wakapita. Nikamwambia nililoshindwa kulisema ofisini siku ile, lote. Hakunisaidia hata neno moja, aliniacha nilimalize.

Kisha akaingia ndani. Nilidhani ndiyo kuniaga. Akatoka na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, ile ya kumkaribishia mgeni, akaninyooshea. Nilichukua punje mbili. Tukatafuna.

Akauliza habari zako. Nikamwambia umemaliza chuo, umepata kazi, na nikamwambia ni kazi gani. Sikuficha.

"Anakwenda kufunga visanduku," akasema.

"Ndiyo, Ta Projestus."

Alitafuna muda mrefu. Alitema maganda, akapangusa mdomo. Nilijiandaa kwa lolote.

"Kile cha kwetu," akasema, "mle ndani kulikuwa na nini? Sikuwahi kuangalia."

Nilijaribu kumweleza, nikaona sijui kueleza vizuri, najua kuendesha tu. Nikamwambia wewe unajua. Akasema basi ukija likizo uje umwonyeshe, ana pampu ya maji yenye kitu kama hicho, imeharibika tangu masika, na mafundi wa mjini wanamzungusha.

Kwa hiyo ukija likizo usiishie hapa Muleba, endelea na basi la Bukoba. Shuka Kanazi, uliza kwa Ta Projestus wa vanila, watakuonyesha. Mfungulie umwonyeshe ndani, polepole, na umwache na yeye ashike. Beba bisibisi.

Wako anayekupenda,
Mama, Leonida